"Baba, Simu Si Hiyo Hapo?": Bastola Kiunoni, Mbele ya Lango la Ukaguzi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania wa miaka 36. Naishi Texas na mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Tuliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na mwezi ujao kadi zetu za kijani zinatimiza miaka minne. Nafanya zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta. Miaka miwili iliyopita, saa tisa usiku, waliingia vijana wawili, mmoja akanigandamiza bastola shavuni. Walichukua pesa na sigara wakaondoka, hawakunigusa zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile kengele ya mlango wa dukani naisikia hata nikiwa nimelala nyumbani.

Nikaenda darasani, nikafyatua zile risasi 50 za mtihani, nikapata leseni ya kubeba bastola. Bosi alikubali niwe nayo kazini. Mke wangu alikubali kwa shida, tena kwa sharti moja: ni ya kazini tu. Sharti hilo nimelivunja polepole. Kwanza nilibaki nayo nikipita sokoni asubuhi, halafu nikaanza kwenda nayo kanisani. Siku hizi naivaa kama mtu anavyovaa saa, chini ya shati, mke wangu hajui.

Mwezi uliopita binti yangu alitimiza miaka tisa, nikanunua tiketi tatu za mpira wa kikapu wa ligi ya kulipwa. Tuliegesha mbali kwa sababu maegesho ya karibu ni ghali. Tukatembea dakika kama ishirini, yeye katikati, ametushika mikono. Tulipofika uwanjani nikaona foleni nje ya milango, na milangoni mashine za ukaguzi, na meza zenye trei za plastiki. Mama, mwili uliniisha nguvu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ninayo. Tulikuwa na watu sita mbele yetu, mara wakabaki wanne.

Nikamwambia mke wangu, "Tangulieni, nimesahau simu kwenye gari." Simu ilikuwa mkononi mwangu. Binti yangu akaitazama, akanitazama, akasema, "Baba, simu si hiyo hapo?" Sikumjibu. Niligeuka nikaondoka.

Nilirudi hadi kwenye gari, nikaivua bastola nikaisukuma chini ya kiti, nikafunga milango. Nilipokaa kwenye kiti changu uwanjani ilikuwa robo ya tatu. Hata hapo sikuutazama mchezo, nilikuwa nawaza gari likivunjwa. Mke wangu hakuniuliza kitu usiku ule. Baada ya siku tatu ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini huyo mwanamke ni nani. Anaamini nilikwenda kupiga simu ambayo hakutakiwa kuisikia.

Rafiki yangu wa kazini anasema nilikuwa mjinga kurudi. Anasema hizo mashine mpya ambazo watu wanapita bila kusimama hazioni vizuri, ningeiweka kwenye begi la mtoto ndani ya sweta tukapita. Anasema hata wakiiona, nina leseni, watanirudisha tu.

Nisaidie, Mama. Je, nilivunja sheria? Mwakani nataka kuomba uraia, jambo hili litanifuata? Na mke wangu nimwambie nini, maana ukweli wenyewe nao ni kosa?

Baba wa Binti wa Miaka Tisa, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye lile swali la mtoto. Nitalirudia mwishoni. Kwanza nikutoe kwenye hofu moja, kisha nikutie hofu nyingine ambayo hukuniuliza, kwa sababu naona ndiyo iliyo kubwa zaidi.

Mimi si wakili. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ukalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Marekani. Maneno ya sheria nimeyapokea kutoka vinywani mwa majaji nikayapeleka masikioni mwa watu wetu, na nimeona mengine yanavyopotea njiani. Kwa hiyo nitakwambia ninayoyajua, na penye kuhitaji wakili nitakwambia nenda kwa wakili.

Je, ulivunja sheria? Kifungu cha 46.03 cha sheria ya adhabu ya Texas kinakataza kuingia na silaha mahali panapochezwa mchezo wa sekondari, wa chuo au wa kulipwa. Leseni yako haikufungulii mlango huo. Kosa lenyewe ni la daraja A: kifungo cha hadi mwaka 1 na faini ya hadi dola 4,000. Lakini sheria hiyohiyo, inaposema "mahali", inamaanisha jengo au sehemu ya jengo. Barabara, njia ya waenda kwa miguu na maegesho haimo. Wewe unasema foleni ilikuwa nje na uligeuka kabla ya kufika mlangoni. Kama ndivyo, nionavyo mimi uligeuka upande ulio salama wa mstari. Hakuna aliyekukamata, hakuna aliyekuandikia karatasi, hakuna kesi. Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kukamatwa, kushikiliwa au kuandikiwa kosa. Kwa uliyonieleza, jibu la jioni ile ni hapana, tena hapana ya kweli.

Sasa hiyo hofu ya pili.

Rafiki yako anasema wangekurudisha tu. Inawezekana yeye ni raia, na kwa raia huenda mara nyingi mambo huishia hapo. Wewe si raia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina mstari mmoja mfupi kuhusu bunduki, na naomba uusome polepole: mgeni yeyote ambaye, wakati wowote baada ya kuingia nchini, ametiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Haijasemwa ni lazima awe amemdhuru mtu, wala haijasemwa ni lazima kosa liwe kubwa. Wasomi wa sheria hubishana kuhusu kila neno la mstari huo na kipi kinaingia na kipi hakiingii, na kesi nyingine hushinda. Lakini sitaki wewe ndiye uwe mfano wanaobishania, umekaa mbele ya jaji wa uhamiaji na binti yako yuko darasa la nne.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Nimeuona ukifunga.

Hapa Texas upande wa mashtaka hupenda kutoa ofa fulani kwa mtu asiye na rekodi. Unakubali kosa, au unasema hulipingi, halafu jaji hatamki hukumu. Anaisogeza mbele, anakuweka chini ya uangalizi kwa muda, ukikaa vizuri kesi inafutwa bila kuhesabiwa kuwa umetiwa hatiani. Kwa macho ya mahakama ya Texas ni kweli, hukutiwa hatiani. Kwa macho ya uhamiaji umetiwa hatiani, kwa sababu sheria yao inatazama mambo mawili tu: ulikiri au hukupinga, na jaji alikuwekea adhabu au masharti yoyote. Karatasi moja, ofisi mbili, majibu mawili.

Wakati mmoja nilimtafsiria mtu wa kwetu. Sitamtaja, wala mji, wala kosa. Jaji alimuuliza anajibu nini. Nilimtafsiria machaguo matatu: nina hatia, sina hatia, sipingi. Akachagua "sipingi". Kwa sauti yake nilijua kabisa kwamba alilichagua kwa adabu. Kwetu, mtu mzima akisimama mbele ya mkubwa hasemi "napinga". Alidhani anaonesha heshima. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, si kushauri, sheria ya ukalimani hainiruhusu kuongeza hata neno. Nikalipeleka lile neno kwa Kiingereza kama lilivyokuja, jaji akaandika. Alitoka pale akinishika mkono na kunishukuru kwamba yameisha. Sijui kama yaliisha. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu namna hii.

Tangu tarehe 31 Machi 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imesema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha. Kesi hiyo inaitwa Padilla dhidi ya Kentucky. Mhusika alikuwa mtu wa kadi ya kijani kama wewe, alikuwa amekaa nchini zaidi ya miaka 40 na alipigana Vietnam katika jeshi la Marekani. Alikiri kosa la dawa za kulevya baada ya wakili wake kumwambia asijali, amekaa nchini muda mrefu mno. Lishike hili: siku yoyote ukijikuta mbele ya jaji kwa jambo la bastola, neno lako la kwanza kwa wakili liwe "Mimi si raia, nina kadi ya kijani." Na usikubali ofa yoyote, hata iwe tamu kiasi gani, kabla mtu anayejua sheria za uhamiaji hajaisoma.

Nije kwa rafiki yako na mashine zake.

Ni kweli mashine za kupita bila kusimama hukosea. Novemba 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Evolv, kampuni inayotengeneza mashine za aina hiyo, kwamba ilitia chumvi katika kueleza uwezo wake. Lakini rafiki yako amesikia nusu ya habari. Tume ilisema pia kwamba mashine hizo zilisimamisha watu kwa vitu visivyo na madhara, kama kompyuta na mafaili. Maana yake ni kwamba zinaweza kulia kwa sababu ya chupa ya maji ya binti yako. Ikilia, begi linafunguliwa kwa mkono. Sasa fikiria mlinzi anakunjua sweta la mtoto wa miaka tisa juu ya ile meza, foleni nzima inatazama, na ndani mnatoka bastola yenye risasi. Hapo huna tena la kusema kwamba ulisahau. Mtu aliyesahau huwa nayo kiunoni au mahali anapoiweka siku zote. Aliyeifunga ndani ya sweta la mtoto alijua, na ushahidi kwamba alijua ni lile sweta lenyewe. Juu ya hayo, umeweka silaha mahali ambapo mkono wa mtoto ndio wa kwanza kuingia. Texas ina kosa lake pekee la kuacha bunduki yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Rafiki yako anaweza kuwa mtu mwema kwa mengine. Katika hili usimsikilize, na mwambie hivyo.

Kurudi nyuma ndilo jambo moja ulilofanya sawasawa jioni ile. Mtu anayegundua anayo akiwa bado foleni, hana cha kufanya zaidi ya kutoka kwenye foleni. Haishiki, haipapasi shati kuhakikisha kama ipo (mikono inayopapasa kiuno ndiyo walinzi wanayoitazama), hampi mkewe amshikie, hamwombi mlinzi amtunzie. Na kuna wanaoificha kwenye maua au nyuma ya pipa la taka jirani na lango, wakitegemea kuichukua baadaye. Baadaye hiyo inaweza kumkuta mtoto wa mtu mwingine ameshaiokota.

Ukigundua umechelewa, umeshafika mezani na mlinzi anakutazama, iache mikono yako ionekane. Usiseme neno "bunduki" kwa sauti, watu watakimbia na askari watachomoa zao. Sema kwa utulivu kwamba una leseni ya kubeba, umebeba, ulisahau, na unaomba kurudi ulikotoka. Kisha subiri uambiwe. Usiinue shati kuonesha. Usitoe kitu hata ukiombwa kwa haraka, uliza kwanza: "Unataka nifanye nini, kwa mpangilio gani?" Askari polisi akikuomba kitambulisho ukiwa umebeba, Texas inakutaka utoe na leseni pamoja. Ukiambiwa ondoka, ondoka papo hapo bila kujieleza. Ukiambiwa umekamatwa, jina lako linatosha, mengine yasubiri wakili.

Lakini hayo yote ni ya mtu ambaye tayari ameteleza. Siri yenyewe iko nyumbani, kabla hujavaa viatu. Kumbi kubwa huandika kwenye tovuti zao nini hakiingii, na majengo ya Texas yana vibao vyake. Kile cha kifungu cha 30.06 kinachokataza silaha iliyofichwa kinatakiwa kiwe kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi 1. Kwenye baa kuna kibao kingine cha kukataza silaha, chenye tarakimu nyekundu za 51. Darasani walikufundisha vyote. Tatizo lako si kutojua. Bastola imekuwa kama saa ya mkononi, wewe mwenyewe umesema hivyo, na kitu kilichokuwa kama saa hakikumbukwi tena. Viwanja vya ndege vinalijua hili vizuri: mwaka 2023 wakaguzi wa TSA, idara ya serikali inayokagua abiria, walikuta silaha 6,737 kwenye vituo vyao vya ukaguzi nchi nzima, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi. Wengi wao husema walisahau. Faini ya TSA kwa mwaka ule iliweza kufika dola 14,950, nayo hutozwa hata kama polisi hawakukushtaki.

Wewe kuna jengo moja linalokuhusu kuliko uwanja wa mpira na uwanja wa ndege. Mwakani ukiomba uraia utaitwa ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya usaili. Hiyo ni nyumba ya serikali ya shirikisho. Kuingia na bunduki kwenye jengo la shirikisho ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi mwaka 1, na leseni ya Texas haisemi chochote mbele ya mlango ule. Ukitoka zamu ya usiku ukapitiliza moja kwa moja kwenye usaili, na bastola iko pale ilipo siku zote, utakuwa umebeba kesi yako mwenyewe kuipeleka mezani kwa afisa wa uraia. Nimeandika sentensi hiyo na mkono umenisisimka.

Na ukisafiri nje ya Texas, ujue leseni haisafiri nawe kila mahali. New York na California haziitambui kabisa. New York, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa tarehe 23 Juni 2022 katika kesi ya Bruen, iliyohusu haki ya kubeba silaha hadharani, iliandika orodha ndefu ya maeneo nyeti ambako silaha haziruhusiwi, na Times Square imo. Una ndugu huko? Iache nyumbani.

Kuhusu gari sitakaa sana. Chini ya kiti si kabati. Wezi wa magari wanajua kwamba nje ya kila ukumbi wenye ukaguzi kuna watu waliorudi kuacha silaha zao, na wanajua ziko wapi, chini ya kiti au kwenye droo ya dashibodi. Ikiwa huna budi kuiacha garini, nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli na kebo inayofungwa kwenye chuma cha kiti. Iweke humo ikiwa ndani ya mfuko wake kabla hujafika maegesho, si palepale mbele ya macho ya watu. Lakini siku ya kutoka na familia kwenda mahali penye lango, pa kuiacha ni nyumbani, imefungiwa.

Sasa tuje kwa mama mtoto.

Unauliza umwambie nini kwa kuwa ukweli nao ni kosa. Mwanangu, kwa sasa anabeba kosa ambalo hujalifanya. Kila usiku ukiwa kazini yeye anahesabu sura ya mwanamke asiyekuwepo. Kosa ulilolifanya lina ukubwa wake, lakini ni lako na linasemeka: ulimwahidi ni ya kazini tu, ukavunja, na ukadanganya mbele ya mtoto ili asijue umevunja. Lisemeni hilo mkiwa wawili, mtoto akiwa shule, na bastola ikiwa imefungiwa mbali. Usianze na sheria za Texas. Anza na wale vijana wawili na bastola shavuni. Nina shaka kama umewahi kumweleza usiku ule wote, maana mimi umenieleza kwa mistari miwili na kengele. Huenda anajua uliibiwa, ila hajui kwamba bado unaisikia kengele kitandani. Akilijua hilo ataelewa kwa nini sharti lilianza kuvunjika sokoni, hata kama hatakubali kwamba livunjike.

Halafu mwache aseme. Anaweza kusema haitaki tena ndani ya nyumba. Usimjibu kwa leseni. Leseni uliipata kwa serikali, ruhusa ya nyumbani uliipata kwake, na masharti yake yalikuwa mepesi kuliko ya Texas. Mimi ningependelea mrudi pale mlipoanzia: inavaliwa mlangoni ukienda kazini na inavuliwa mlangoni ukirudi, inaingia kwenye kisanduku, na ufunguo mmoja anakaa nao yeye. Hilo la mwisho litakuuma kidogo. Lakini mtu mwingine akiwa anajua iko wapi, hutaisahau kiunoni.

Na ile kengele, itafutie mtu. Kuna washauri wanaoshughulika na watu waliowekewa silaha mwilini, na haina maana kwamba una wazimu. Bastola haijainyamazisha kengele hiyo kwa miaka miwili. Imekusindikiza tu, hadi kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Amebaki binti yako. Alikuuliza swali la haki, na alichoona ni kwamba baba anaweza kushika kitu mkononi na kusema hana. Ana miaka tisa, si mdogo mno kusikia jibu fupi. Huhitaji kumweleza habari za silaha kama mama yake hataki. Mwambie: "Siku ile ulikuwa sahihi, simu nilikuwa nayo. Sikusema kweli, na mama nimeshamwambia." Mkimaliza kuzungumza na mkeo, mwambie kwa maneno hayo mama yake akiwa amekaa hapo. Kisha nunua tiketi nyingine tatu hata kama ni za viti vya juu kabisa, na safari hii pita langoni wewe wa kwanza.